Docteur aliyezikwa Alimbongo

Ndugu yangu Mathe alikuwa mufupi kupita batoto bote ba kalasi yake, na mu kalasi ile hakuna mutu alijua sababu. Karatasi ya masomo ilisema ana miaka tisa. Mwenyewe alikuwa na sita. Mwalimu alimusimamisha mbele, akamupima na rula ya ubao, akauliza batoto: "Huyu kwabo banamunyimaka bugali ama?" Batoto bakacheka, na Mathe akacheka pamoja nabo. Akifika nyumbani ananiambia mimi dada yake mukubwa, "Yaya, leo tena bananipima." Ninamujibu, "Utakomea, utakuwa murefu. Soma tu."

Leo ana miaka makumi tano na munane, na angali mufupi. Ninaandika habari yake kwa sababu batu banaitembeza vibaya kati ya Butembo na Beni, ku soko, inje ya kanisa, ndani ya taxi, na mimi sipendi mambo ya nyumba yetu isemwe na batu benye hawakukuwako. Mimi nilikuwako. Nilisoma kwa masista mpaka mwaka wa sita wa primaire, na kwa mwandiko nilikuwa wa kwanza miaka yote sita. Mwenye kubisha aulize.

Tulizaliwa Alimbongo, kule juu kwenye baridi na biazi. Mimi ni mukubwa. Nyuma yangu mama alizaa bijana, na kwetu Banande kila mutoto anapata jina la mustari wake: kijana wa tatu ni Kasereka, wa ine ni Kakule. Kasereka wetu aliitwa tena Kitsa. Kakule aliitwa Mathe. Kitsa alibatizwa akiwa angali munyonyo, juu padri alikuwa angali anapita ku vijiji. Kisha ikakuja ile vita ya miaka ile, padri akakimbia, na Mathe akazaliwa hakuna wa kumubatiza.

Mu mwaka wa makumi sita na tisa surua iliingia. Ilichukua batoto kumi na moja ndani ya mwezi mumoja. Kitsa alikuwa wa saba. Alikuwa na miaka tano. Baba alikuwa amelala na homa, basi mimi njo nilimubeba mpaka pa shimo, nilikuwa na miaka kumi na ine, na ninakumbuka ile kilima nilipanda pasipo kupumuzika kwa sababu hakuwa na kilo. Mutu mwenye alichimba shimo aliitwa Kataliko. Alikuwa na kidole kimoja kilikatika. Mambo kama haya mimi sisahau.

Miaka ine kisha, Mathe alipashwa kuanza masomo. Misioni ilikuwa inaomba karte ya ubatizo; mutoto pasipo karte anarudi nyumbani kuchunga mbuzi. Mathe hakuwa na karte. Ila karte ya Kitsa ilikuwako, mama aliiweka mu kopo ya chai, pamoja na mbegu za kabichi. Nilikuwa na miaka kumi na munane, nilijiona mwenye akili. Nikasema, "Mama, Mathe aende na ya Kitsa."

Mama alikuwa anamenya biazi. Alimenya tatu, ine. Kisha akasema, "Ile karte imelala bure miaka ine. Iende kusoma."

Njiani nilimufundisha Mathe. Nilimuambia, "Bakiita Kasereka Kitsa, unaitika présent, ni kusema niko hapa. Umesikia?"

"Nimesikia."

Tukatembea. Kisha akaniuliza, "Yaya, na kule Kitsa iko, bakiita Mathe, ye ataitika?"

Nilimukatia muwa ili anyamaze.

Directeur aliandika mu kitabu chake: Kasereka Kitsa. Na kuanzia siku ile, kila karatasi yenye Mathe alipata kwa kichwa chake iliandikwa jina la mwingine. Certificat ya primaire: Kitsa. Diplôme d'État: Kitsa. Graduat, licence: Kitsa. Mu mwaka wa elfu mbili na ine alifanya thèse yake Kisangani, ile kazi ya mwisho ya kuwa docteur wa masomo, juu ya ugonjwa wa maharagi ya huku kwetu mulimani, na mimi nilifika. Nilitembea siku ine kwa lori na pikipiki. Bana-profesa batano bamevaa makanzu meusi, mumoja akasimama akasoma: "Docteur Kasereka Kitsa." Nililia sana. Mwanamuke kando yangu akanipa kitambaa, akasema, "Furaha, mama, furaha." Nilichukua kitambaa.

Na mwaka wenye ulifuata njo bakaandikisha batu kwa karte ya uchaguzi. Mathe alikuwa amekuja Alimbongo kusalimia mama. Mama alitaka baende pamoja, ye na kijana wake docteur, batu babaone. Bakapanga mustari. Kijana wa machine akauliza: "Jina?" Kabla Mathe hajafungua kinywa, mama akasema: "Huyu ni Kakule Mathe. Mimi njo nilimuzaa, mimi njo najua." Mama alikuwa muzee, batu bote bako banasikiliza. Mathe hakumubishia mama yake mbele ya batu. Ni nani angelibisha? Kijana akapiga machine, karte ikatoka: Kakule Mathe. Na kwetu mutu hakuwa na kitambulisho kingine. Kupitia karte ile, mambo yote ya serikali ikafuata: liste ya bafundishaji, numero ya kazi, simu, yote Mathe.

Hatukuona ubaya. Batu bangapi huku bako na jina la masomo na jina la nyumbani? Diplome ilikuwa ku ukuta wa salon yake Beni, na mugeni akiuliza, Mathe alisema, "Ile ni jina yangu ya masomo." Mugeni akanywa chai yake.

Alifundisha mu institut ya serikali kule Beni, ile inafundisha kilimo na ualimu. Sitaji jina lake, mwenye kujua anajua. Alikuwa docteur peke yake ndani ya nyumba ile. Wakati wa kuchinjana kule kando ya Beni, institut ilifungwa mara tatu. Mara zote tatu Mathe njo alibeba bitabu bya points za banafunzi ku kichwa, mu mufuko wa unga, mpaka Butembo, akaomba vyumba kwa primaire ya paroisse, ile ya kanisa, na batoto bakamaliza mitihani bakikaa ku madawati ya batoto badogo, magoti ku masikio. Hakuna mwanafunzi alipoteza mwaka kwa mikono yake. Hii haikuandikwa kokote, basi ninaiandika mimi.

Directeur général wa institut akakufa. Kanuni ya serikali iko wazi, nilisomewa na ninaikumbuka: mwenye kuongoza nyumba kama ile apashwe kuwa docteur, ameshatetea thèse. Batu bote bakamutazama Mathe. Lakini barua yenye ilikuja ilisema jina la Manassé. Manassé ana licence tu, diplome ya chini. Ni mutu wa kucheka, wa kusalimia vizuri, alifanya miaka fulani mu biro ya mukubwa mumoja wa politike, na ile njo ilikuwa thèse yake.

Bafundishaji bakamuambia Mathe aende tribinali. Akakuja Butembo kuniuliza. Alikaa pa ile meza ninaandikia sasa.

"Yaya, kanuni iko upande wangu."

"Basi uende."

"Na jina?"

"Jina gani?"

"Yaya. Unajua jina gani."

Nikamuambia, "Beni muzima inakujua. Mutu mwenye alikufundisha anakujua, mutu mwenye ulifundisha anakujua. Manassé atasema nini, kwamba haukusoma? Nenda. Baba hakuzaa batu ba kupiga magoti." Vile njo nilisema. Sikuambiwa na mutu, ni mimi.

Akaenda. Akapata avocat wa kumusemea, binti mumoja wa hapa, Maître Bénite, mwembamba, anasema haraka. Alisoma dossier siku mbili, kisha akakuja kwangu yeye mwenyewe. Hakutaka chai.

"Mama Emérence, kuko shida. Docteur ni Kitsa. Mwenye anashitaki ni Mathe. Bale ba Manassé bataona."

"Ni mutu mumoja."

"Mimi najua. Juge hajui. Tupate registre ya misioni kule juu, yenye kuonyesha batoto babili, mwenye alikufa na mwenye alibaki. Na registre ya masomo. Ndani ya mwezi mumoja tunatengeneza jina kwa jugement, inaisha."

Nikamutazama. "Maître, tangu vita ilipanda barabara ile, nani anafika Alimbongo?"

Ye mwenyewe alijua. Bale balikimbia kule bamejaa hapa Butembo, nyumba kwa nyumba. Niliuliza bamoja. Mama mumoja aliniambia mulango wa biro ya misioni ulishatoka, na mu soko ya kule karanga zinafungiwa mu karatasi zenye mwandiko wa zamani wa mapadri, muzuri, wa wino.

Basi Maître Bénite akasema tutabaki na ushuhuda. Mwenye alimupeleka mutoto ku masomo atasimama, atasema. "Lakini, mama, useme tu hivi: huyu ni ndugu yangu, nilimupeleka mimi, ku masomo balimuita Kitsa, nyumbani Mathe. Basi. Habari ya mutoto mwenye alikufa, uiache. Haiko ya lazima."

"Haiko ya lazima," nilirudilia.

"Kwa kesi, mama. Kwa kesi tu."

Nikakubali.

Sasa nipashwe kusema juu ya liste. Kila mwezi wa kumi na moja, katika paroisse yetu, kila nyumba inaandika majina ya bafu bake, benye balishakufa, mu karatasi, na padri anayasoma ku misa, moja moja. Tangu mama alikufa mimi njo ninaandika yetu. Ninapiga mustari na rula, ninaandika juu: Bafu ba nyumba yetu. Kisha baba, mama, Kasereka Kitsa. Mu mwisho ninatia jina langu, ili mutu asiseme karatasi imetoka pengine. Miaka makumi mbili pasipo kukosa mwaka hata mumoja. Katibu wa paroisse anazichunga mu armoire, kabati ya biro. Aliniambia siku moja, "Mama Emérence, ya kwako haina haja ya kurudiliwa na machine." Nilifurahi wiki nzima.

Na avocat wa Manassé, Maître Zorobabel, ni mukristo wa paroisse yetu. Anaketi ku benchi la tatu, upande wa kuume, na bibi yake. Miaka yote amesikia, pamoja na batu bote: Kasereka Kitsa, kati ya bafu. Hakufikiri kitu, kama vile mutu hafikiri juu ya bafu ba wengine. Mpaka siku alifungua dossier akaona jina lile ku diplome.

Siku ya audience, ya kusikilizwa kesi, tulishuka Beni asubuhi. Chumba kilijaa, banafunzi ba institut balisimama mpaka inje, bengine bamepanda ku dirisha. Manassé alikuja kunipa mukono. "Mama, haiko vita, ni kazi tu." Nilimupa mukono, nikamuambia, "Mikono yako ni laini, muzee." Batu ba karibu bakacheka, naye akacheka. Nilisema ni mutu wa kucheka.

Nikaitwa. Nikaweka mukono ku Biblia, nikaapa. Nikasema vile Maître Bénite alinifundisha: huyu ni ndugu yangu, nilimupeleka mimi, ku masomo Kitsa, nyumbani Mathe. Ilienda vizuri. Président wa tribinali, mutu wa kiasi, alikuwa anatingisha kichwa.

Maître Zorobabel akasimama. "Jambo, mama."

"Jambo, Maître."

"Tunasalia pamoja."

"Ninakuonaka. Unalala wakati wa mahubiri."

Chumba kikacheka, hata président akaangalia chini. Zorobabel akangoja baishe. Kisha akapeleka karatasi kwa greffier, mwandishi wa tribinali, greffier akanipa. Halafu ya pili, ya tatu. Nilijua karatasi zile mbele hazijafika mukono mwangu.

"Mama, mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Ni muzuri sana."

"Ninajua."

"Usome mustari wa tatu, tafazali."

"Kasereka Kitsa."

"Na kule juu, balipiga mustari na rula, inaandikwa nini?"

Sikusoma haraka. "Bafu ba nyumba yetu."

Maître Bénite akasimama, akasema karatasi za kanisa si za kesi. Président akasema, "Mama ajibu. Huyu Kitsa wa mu liste ni nani?"

Nilimutazama Mathe. Alikuwa amekaa na mikono katikati ya magoti, vile alikaa mu kalasi. Hakutingisha kichwa, hakukubali, hakukataa. Aliniachia.

Batu baliniuliza kisha: kwa nini haukusema ni ye moja tu? Bafikiri vizuri. Kama Kitsa ni Mathe, basi mimi miaka makumi mbili nilikuwa napeleka jina la muzima lisomwe kati ya bafu. Kwetu mwanamuke mwenye kufanya vile ana jina, na jina lile ni mulozi, muchawi. Na kama si vile, basi niseme hakukuwa na mutoto. Mukono wangu ulikuwa umetoka ku Biblia sasa hivi. Na ile kilima nilipanda na nani?

Nikasema, "Kitsa ni ndugu yangu mwenye alikufa na surua."

Na kisha nilianza sikuacha tena. Nilisema yote, kwa mupango wake. Karte mu kopo ya chai. Mama na biazi. Directeur na kitabu chake. Muwa. Nilisema hata Kataliko na kidole chake. Hakuna mutu alinikata. Greffier aliandika mpaka akabadilisha biki. Nitasema kweli, mu dakika zile nilikuwa na furaha, juu nilifikiri sasa baona: mutoto wa miaka sita alibebeshwa jina la marehemu na akalifikisha mpaka Kisangani. Nilimaliza hivi: "Karte ilikuwa ya Kitsa, lakini kichwa chenye kilisoma njo kile pale."

Président aliniuliza kwa heshima. "Mama, donc mwenye jina liko ku diplome alikufa mwaka gani?"

"Elfu moja mia kenda makumi sita na tisa."

"Na diplome ya docteur ilitoka mwaka gani?"

"Elfu mbili na ine."

Akaandika. Maître Zorobabel akasema, "Sina ingine," akakaa. Hakunitazama. Maître Bénite alikuwa anapanga karatasi zake zenye zilikuwa zimeshapangwa.

Inje Mathe alinishika mukono tushuke ngazi. Nikamuambia, "Ningelisema nini?"

"Ulisema kweli, Yaya."

"Ninauliza, ningelisema nini?"

"Hakuna. Ulisema kweli."

Tukarudi Butembo katika gari moja, akatazama barabara mpaka mwisho.

Jugement ilisomwa kisha wiki tatu. Maître Bénite alinielezea pole pole, mara mbili, juu mara ya kwanza sikuamini. Kanuni inaomba docteur. Manassé si docteur, hata avocat wake hakusema ni docteur. Lakini mutu mwenye kuomba Manassé atoke apashwe kwanza aonyeshe kwamba ye mwenyewe ni docteur, kama si vile, mambo haimuhusu. Kakule Mathe hana diplome hata moja, hata ya primaire. Kasereka Kitsa anazo zote, na Kasereka Kitsa, kwa ushuhuda wa dada yake mwenye aliapa, amekufa. Basi mashitaki ya Mathe ilikataliwa pa mulango. Swali la Manassé hawakulifungua kabisa.

"Donc," nilimuambia, "mwenye hakusoma amebaki, na mwenye alisoma hakusoma."

"Ni vile, mama."

"Na kule juu? Kinshasa?"

"Tunaweza kuandika. Batatuomba registre." Akafunga mufuko wake. Alikuwa na macho mekundu, yule binti, na mimi njo nilimutuliza.

Haikuishia pale. Dossier ilipelekwa kwa procureur, mushitaki wa serikali, juu kutumia karatasi za mutu mwingine ni kosa, na iko inalala kule, haifunguke, haifungwe. Institut ikamuandikia Mathe: asimame kufundisha mpaka mambo ionekane. Liste ya serikali ikamuondoa kati ya bana-profesa, juu Mathe hana thèse. Barua ilitiwa saini na Manassé, na alimutumia pia ujumbe ku simu: Courage, mukubwa.

Mathe aliacha nyumba ya Beni, ye na bibi yake Léa, bakakuja kwangu. Diplome aliileta amefunga mu kitenge. Haikupandishwa ku ukuta. Iko nyuma ya kabati, uso umeangalia ubao.

Ku soko, Eliane mwenye anauzaka samaki ya chumvi aliniita mbele ya batu: "Mama Emérence, docteur wa bafu hajambo?"

Nikamujibu, "Hajambo. Anakusalimia. Alisema hana haraka, atakungojea."

Ile siku balicheka upande wangu. Lakini jina lilibaki. Docteur wa bafu. Hata batoto ba jirani banalijua.

Banafunzi bangali banakuja. Banatoka Beni na pikipiki, banapita mulango wa nyuma, banamuletea kazi zao za mwisho asome. Banamuita Prof kwa sauti ndogo. Anasoma yote, pa meza hii, na biki nyekundu, anarudisha mutu mara tatu kama maharagi yake haikuhesabiwa vizuri. Ku ukurasa wa kwanza kuko mustari pa kutia saini mwongozi wa kazi. Pale anaacha wazi. Mutu mwingine kule Beni anatia saini pasipo kusoma, na mutoto anapata diplome, ya jina lake mwenyewe. Siku moja nilimuambia, "Uache kubafanyia kazi ya bure." Akasema, "Batoto hawakunishitaki."

Na mwezi wa kumi na moja ukafika. Nikakata karatasi, nikapiga mustari na rula. Bafu ba nyumba yetu. Nikaandika baba. Nikaandika mama. Pale biki ikasimama. Mathe alikuwa upande mwingine wa meza na kazi ya mwanafunzi.

"Yaya, uandike."

"Maître Zorobabel atasikia tena."

"Alishasikia."

"Nikiacha mwaka huu, nani atajua?"

"Weye utajua," akasema. Akachukua biki mu mukono wangu, akageuzia karatasi upande wake, akaandika yeye mwenyewe, mwandiko mudogo wa mutu wa vitabu: Docteur Kasereka Kitsa. Akanirudishia ili nitie jina langu pa mwisho. Mwandiko wake ulikuwa umeharibu mustari. Sikurudilia.

Siku ya misa kanisa lilijaa, na nusu ilikuwa bale ba Alimbongo na Kanyabayonga benye balikimbia. Bafu babo peke yabo balijaza karatasi nyingi. Padri alisoma pasipo kuinua kichwa. Baba. Mama. Docteur Kasereka Kitsa. Ku benchi la tatu Zorobabel hakugeuka, bibi yake njo aligeuka.

Kando yangu Mathe alisogea, kama mutu mwenye anataka kusimama, halafu akabaki. Lakini nilisikia ameitika, pole pole, ndani ya kifua, vile nilimufundisha njiani: "Présent."

Padri akageuza karatasi, akaanza majina ya nyumba ingine.